Bagnold: Mwanajeshi aliyepunguza upepo wa tairi na kulivuka jangwa lililoogopwa

Gari likinasa kwenye mchanga, wengi wetu tunafanya kitu kimoja: tunakanyaga mafuta. Tairi linazunguka, mchanga unaruka, na baada ya dakika moja gari limelala tumbo.

Kwenye fukwe za kwetu hiyo ni aibu tu, watu watakuja kusukuma. Katikati ya Sahara ni habari nyingine. Ukinasa kilomita mamia kutoka kisima cha karibu, maji yakiisha umekwisha.

Karibu miaka 100 iliyopita, ofisa mmoja wa jeshi la Uingereza aliamua kulitafutia dawa tatizo hili. Jina lake ni Ralph Bagnold. Mengi wanayofanya madereva wa mchangani leo, kuanzia Misri hadi Oman, yeye na wenzake waliyajaribu kwa jasho lao.

Kijana wa mahandaki

Bagnold alizaliwa Aprili 3, 1896 huko Devonport, Uingereza. Baba yake alikuwa ofisa wa kikosi cha wahandisi wa jeshi. Dada yake, Enid, baadaye alikuja kuwa mwandishi maarufu wa riwaya.

Naye Ralph alifuata nyayo za baba. Akaingia kikosi kilekile mwaka 1915 na kupelekwa Ufaransa, kwenye Vita Kuu ya Kwanza. Alinusurika, akarudi kusoma uhandisi Cambridge, kisha mwaka 1926 akapangiwa kazi Misri.

Hapo ndipo mchanga ulipomnasa.

Likizo za hatari

Maofisa wengine wakipata likizo walicheza polo au walikwenda kustarehe mjini. Bagnold na marafiki zake walijaza mafuta, maji na chakula kwenye Ford za kawaida na kuingia jangwani. Gharama walilipa wenyewe.

Magari hayo hayakuwa na injini ya kutisha wala hayakuvuta kwa magurudumu yote manne. Yalikuwa mepesi tu, na wao wakayafanya mepesi zaidi kwa kung'oa kila kitu kisicho cha lazima.

Shabaha yao kubwa ilikuwa eneo linaloitwa Bahari Kuu ya Mchanga, mpakani mwa Misri na Libya. Ni zaidi ya kilomita za mraba 70,000 za vilima vya mchanga, vingine vikifika urefu wa mita 100. Wengi waliamini gari haliwezi kupita pale.

Bagnold akalielekeza gari kwenye ukuta wa mchanga na kulikimbiza kwa kasi. Kumbe likapanda! Kati ya mwaka 1929 na 1932 yeye na wenzake waliingia na kutoka kwenye bahari hiyo, wakafika sehemu ambazo hakuna gari lililowahi kukanyaga.

Siri ilikuwa kwenye upepo

Jambo walilolijua mapema ni hili: mchangani, tairi gumu ni adui.

Tairi lililojaa upepo hugusa ardhi kwa sehemu ndogo. Uzito wote wa gari unakaa hapo, na tairi linakata mchanga kama kisu. Ukipunguza upepo, tairi linalala, linakuwa refu pale linapogusa chini, na uzito unasambaa. Ni kama unyayo wa ngamia: mpana, laini, hauzami.

Siku hizi gari la kawaida hutembea lamini na upepo wa PSI 30 hadi 35. Madereva wengi wa vilima vya mchanga hushuka mpaka PSI 15 hadi 18 kabla hawajaingia, si baada ya kunasa.

Je, ukichagua tairi uangalie nini? Wengi hudhani tairi lenye meno makubwa ndilo kiboko ya kila kitu. Kwenye tope, sawa. Kwenye mchanga mkavu meno yale yanafanya kazi ya jembe: yanachimba, na gari linajizika lenyewe. Mchanga unataka tairi pana, lenye meno mafupi, na ubavu unaokubali kulala bila kupasuka.

Lakini kuna bei yake. Tairi lenye upepo mdogo ukilikatia kona ya ghafla linaweza kuchomoka kwenye rimu. Ukirudi nalo lamini na kukimbia, linapata moto na kupasuka. Kwa hiyo pampu na kipimo cha upepo ni lazima viwe ndani ya gari.

Vitu vingine vitatu

Tairi peke yake halikutosha. Wakinasa, Bagnold na wenzake walisukumia vipande virefu vya chuma mbele ya magurudumu ili gari lipate pa kukanyaga. Madereva wa leo wanabeba vibao vya plastiki vinavyofanya kazi ileile.

Cha pili, rejeta. Maji yakichemka, mvuke haukuachwa upotee. Waliuelekeza kwa mpira hadi kwenye kopo la maji, ukapoa, kisha maji yakarudi kwenye rejeta. Jangwani hilo lilikuwa suala la uhai.

Cha tatu, dira ya jua. Dira ya sumaku hudanganywa na chuma cha gari. Bagnold alitumia kijiti kinachotupa kivuli juu ya duara lenye namba, akajua anakokwenda bila kusimamisha gari.

Alikuwa anakuja Kenya

Bagnold alistaafu jeshi mwaka 1935 kwa sababu ya ugonjwa. Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939 aliitwa tena, na safari hii alipangiwa Kenya.

Hakufika. Meli yake iligongana na nyingine kwenye Mediterania, na abiria wakateremshwa Misri kusubiri. Akiwa Cairo, habari zake zikamfikia Jenerali Wavell, mkuu wa majeshi ya Uingereza eneo lile, ambaye aliona ni upuuzi kumpeleka mtu wa jangwa mahali pengine. Akabakishwa Misri.

Juni 1940 Italia iliyokuwa ikiitawala Libya iliingia vitani. Bagnold akapendekeza kiundwe kikosi kidogo cha kuingia jangwani nyuma ya adui. Akapewa wiki sita tu kukiandaa. Kikosi hicho kikaja kujulikana kama Long Range Desert Group.

Vijana wake wa kwanza walitoka New Zealand, wengi wakiwa wamezoea mashamba na mashine. Hawakuujua mchanga. Bagnold na wenzake wa zamani wakawafundisha: punguza upepo, soma kilima kabla ya kupanda, usikate kona mtelemkoni. Septemba mwaka huohuo malori yao ya Chevrolet yalikuwa tayari yanaivuka Bahari Kuu ya Mchanga, upande ambao Waitaliano hawakutegemea mtu kutokea.

Yaani mchezo wa likizo ukageuka silaha. Njia alizozitafuta kwa udadisi sasa zilipitisha bunduki.

Mchanga haujali nguvu zako

Kabla ya vita hivyo, Bagnold alikuwa amejifungia na handaki la upepo alilolijenga mwenyewe London, akitazama punje za mchanga zinavyoruka. Mwaka 1941 likatoka kitabu chake kuhusu fizikia ya mchanga na vilima vya jangwani. Wanasayansi wanakitumia mpaka leo.

Hata dereva anafaidika nacho. Upande wa kilima unaopigwa na upepo huwa umeshindiliwa, na ule uliojificha ni mwinuko wa mchanga legevu. Ukijua upepo mkuu unatoka wapi, unajua pa kupandia.

Bagnold alifariki Mei 28, 1990 akiwa na miaka 94. Wanasayansi wa Marekani wakalipa jina lake eneo la vilima vya mchanga kwenye sayari ya Mirihi, na chombo cha NASA, Curiosity, kikavifikia mwaka 2015. Magurudumu yake ni ya aluminiamu, hayana upepo wa kupunguza.

Wewe unao. Siku ukienda Wahiba kule Oman, au hata ufukweni tu, simama kabla ya mchanga kuanza, shuka na utoe upepo kwanza. Injini haitakusaidia kama tairi limeshaanza kuchimba.