Rudolf Diesel na Nguvu za Farasi

Neno dizeli hutajwa kila siku hapa Ipole, dukani, barabarani na shambani, lakini ni wachache wajuao kwamba lilikuwa jina la mtu. Yafaa wanachama wamjue, kwani maisha yake yana mafunzo mawili: moja la mashine na moja la ushirika.

Rudolf Diesel alizaliwa Paris tarehe 18 Machi, 1858, wazazi wake wakiwa Wajerumani wa Bavaria. Vita ya mwaka 1870 baina ya Ufaransa na Ujerumani iliwafanya wakimbilie London, naye mtoto akapelekwa Augsburg kwa jamaa zake apate kusoma. Baadaye alisoma Munich kwa Profesa Carl von Linde, bingwa wa mashine za barafu, akafuzu mwaka 1880.

Siku zile viwanda viliendeshwa kwa mvuke. Injini ya mvuke ilipoteza yapata sehemu tisa kati ya kumi za joto la makaa, tena ni matajiri tu walioweza kuinunua. Diesel alitaka fundi mdogo naye awe na mashine yake. Aliwaza kwamba hewa ikishindiliwa sana ndani ya silinda hupata joto kali, na mafuta yakinyunyizwa humo huwaka yenyewe pasipo cheche. Majaribio ya kwanza, mwaka 1893, yalishindwa. Chombo cha kupimia kilipasuka, naye akanusurika. Alivumilia. Februari 1897 injini yake ilipimwa rasmi, ikageuza zaidi ya robo ya joto la mafuta kuwa kazi.

Injini ile ilitoa nguvu za farasi 18 hivi kwa mizunguko 154 tu kwa dakika. Trekta dogo la leo laweza kuwa na nguvu za farasi 18 vilevile, lakini kwa mizunguko 2,400. Je, injini hizo zalingana? Nguvu ya farasi mmoja ni kuinua kilo 75 kwa mita moja katika sekunde moja. Yaani ni kazi pamoja na wepesi wake. Nguvu ya kuzungusha ni jambo jingine: ni ule mkazo wenyewe, kama wa mkono ukazao nati kwa spana. Mkazo ukizidishwa kwa mizunguko ndipo zipatikanapo nguvu za farasi. Kwa hiyo injini ya Diesel, iliyokwenda polepole, ilikuwa na mkazo zaidi ya mara 15 kuliko ya trekta hilo. Trekta huurudisha mkazo kwa giya: mwendo ukipunguzwa, magurudumu huvuta zaidi. Mpagazi wa misafara ya zamani aliijua hesabu hii: mzigo ukizidi, hatua hupungua.

Basi mwanachama atakaye trekta asiulize nguvu za farasi peke yake. Aulize pia ni kwa mizunguko mingapi mkazo hufika kilele. Plau ikikuta udongo mgumu, injini hupungua mwendo. Ile ambayo mkazo wake huongezeka hapo itaendelea kuvuta, nyingine itazimika, na fedha za tumbaku za misimu kadhaa zitakuwa zimesimama shambani. Mkoa wetu wajua hasara ya namna hiyo: mpango wa karanga wa Waingereza, uliofika hata Urambo na matrekta yake, uliachwa mwaka 1951, kwa kuwa mashine zilitangulia na elimu ya udongo na mvua ikafuata nyuma.

Mwaka 1903 Diesel alitoa kitabu kiitwacho Solidarismus, akiwashauri wafanyakazi waweke senti zao katika mfuko mmoja ili wamiliki viwanda vyao wenyewe. Walionunua walikuwa wachache. Mali yake nayo ikapotea katika biashara mbaya na kesi. Usiku wa tarehe 29 Septemba, 1913, akiwa safarini kwa meli kutoka Antwerp kwenda Uingereza, alitoweka, na maiti yake ikaonekana baharini siku kadhaa baadaye. Matrekta ya dizeli yalianza kuuzwa baada ya mwaka 1920, naye hakuyaona.

Injini yake imeenea duniani kote, lakini mkulima mdogo bado ni vigumu kuinunua peke yake. Shauri la mfuko mmoja, ambalo wenzake hawakulijali, ndilo tulilolishika sisi kwa miaka hii kumi. Na tuendelee kulishika, tukipima kwanza kabla ya kununua.