Wani, Mkakwa aliyepokea kiti cha Luwum

Februari 16, 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa Anglikana, Mwacholi wa Mucwini, aliuawa Kampala pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Serikali ya Idi Amin ilitangaza ajali ya gari. Mwili ulipelekwa kuzikwa Mucwini, na waumini waliofurika Namirembe wakabaki na kaburi tupu. Wengi wakakumbuka kaburi jingine tupu, la Yesu, na huzuni yao ikageuka ibada ya matumaini.

Aliyechaguliwa kumrithi alikuwa Silvanus Wani. Kabila lake lilikuwa la Amin: Mkakwa.

Kwa wanaovusha mizigo Oraba kwenda Kaya, au Vurra kwenda Ariwara, Wakakwa hawahitaji kuelezwa. Wako Uganda, Kongo na Sudan Kusini, na ndugu wawili wanaweza kubeba vitambulisho vya nchi mbili. Wani, aliyezaliwa 1916, alikuwa mtu wa huko. Mwaka 1964 alifanywa Askofu wa Kaskazini mwa Uganda, makao yakiwa Gulu, uwanda wa Waacholi. Dayosisi ilipogawanywa 1969 alirudi Arua, akawa askofu wa kwanza wa Madi na West Nile. Aliyempokea Gulu ni Luwum huyohuyo.

Ni rahisi kusema kanisa lilitafuta ngao ya kikabila. Lakini ukabila haukumkinga mtu wakati ule. Brigedia Charles Arube, Mkakwa pia, alikufa 1974 baada ya jaribio la kumwondoa Amin. Wani alikalia kiti ambacho mwenyewe alikuwa ameuawa wiki chache tu zilizopita, huku akitazamwa kwa jicho la shaka na waliofiwa.

Amin alianguka Aprili 1979, na deni lake likadaiwa kwa watu wa West Nile. Mapigano ya Oktoba 1980 yaliikumba Koboko na Arua. Mamia ya maelfu wakakimbilia Sudan na Zaire kwa njia hizohizo zinazopitisha bidhaa leo. Juni 1981 raia waliojificha katika misheni ya Kikatoliki ya Ombaci, nje kidogo ya Arua, waliuawa na askari wa serikali.

Miaka yote hiyo Wani alikuwa Askofu Mkuu wa waliofiwa wa pande zote mbili, Waacholi wa Luwum na Wakakwa waliokuwa wakimbizi. Kanisa lake halikugawanyika kwa mstari huo. Mgawanyiko pekee mkubwa, wa 1980, ulikuwa wa heri: Rwanda, Burundi na Zaire, ikiwamo Boga kule Ituri, zilipata jimbo lao baada ya kukua.

Aliacha uongozi 1983 na kufariki 1998. Mwaka huohuo sanamu ya Luwum iliwekwa juu ya mlango wa magharibi wa Westminster Abbey, London.