Beryl Burton: Mwanamama aliyewapiga bao wanaume kwa baiskeli

MCHEZAJI akibeba ubingwa misimu mitano mfululizo, tunamwita gwiji. Beryl Burton aliubeba 25.

Alizaliwa Leeds, Uingereza, mwaka 1937. Utotoni ugonjwa ulimlaza hospitali miezi kibao, madaktari wakamkataza mazoezi mazito. Mumewe, Charlie, ndiye aliyemwingiza kwenye baiskeli.

Hakulipwa mshahara wa mchezo hata siku moja. Alipiga kazi za sulubu kwenye shamba la mboga, halafu anakula kilomita kwenye barabara za vijijini Yorkshire. Akawa bingwa wa dunia wa barabara mara mbili, 1960 na 1967, na bingwa wa jumla wa wanawake Uingereza kuanzia 1959 hadi 1983.

Septemba 1967 ndipo alipoua kabisa. Ni mbio za saa 12, kila mtu na saa yake, wanaume wakiwa wametangulia kuondoka. Beryl akawapita mmoja mmoja hadi kwa kinara wao, Mike McNamara. Akampa pipi, akasepa. Alimaliza na kilomita 446, na hakuna mwanaume aliyezifikisha siku ile. Kwa wanawake, rekodi hiyo ilidumu miaka 50.

Olimpiki hakuigusa. Wanawake walifunguliwa mlango wa baiskeli mwaka 1984, yeye ana miaka 47.

Mei 1996, siku chache kabla ya kutimiza miaka 59, alitoka kusambaza kadi za mwaliko wa sherehe yake. Alifia palepale kwenye baiskeli.