Kivoi wa Mwendwa: Tajiri wa Kitui aliyeinuliwa na upinde

MNAMO Agosti 1851, katika nyika iliyo karibu na mto Tana, msafara uliotoka Kitui ulivamiwa na kundi kubwa la wanyang'anyi. Mishale ilirushwa, watu wakatawanyika vichakani, na kiongozi wa msafara akauawa pamoja na wafuasi wachache. Kiongozi huyo alikuwa Kivoi wa Mwendwa, mfanyabiashara aliyevuma kote Ukambani katika karne ya 19.

Wanafunzi wengi wa historia humjua Kivoi kwa jambo moja tu, kwamba alikuwa mwenyeji wa mmisionari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf. Lakini kabla ya Krapf kukanyaga Kitui, Kivoi alikuwa tayari mtu mkubwa. Ukubwa huo haukutokana na mgeni. Ulitokana na pembe za ndovu, na pembe zilitokana na upinde.

Masimulizi ya Wakamba yanaeleza kuwa mababu zao walipitia nyanda za karibu na Kilimanjaro, wakapanda hadi milima ya Mbooni, ambayo leo imo katika kaunti ya Makueni. Mbooni ilikuwa na mvua na udongo mzuri wa kilimo. Watu walipoongezeka, baadhi yao walivuka mto Athi na kuhamia Kitui, nchi kame ambako jembe pekee halikutosha kulisha jamii. Huko uwindaji haukuwa mchezo wa vijana bali nguzo ya maisha, na mtoto wa kiume alizoea upinde tangu utotoni.

Upinde wa Mkamba ulichongwa kwa mti mgumu na kutiwa upote wa mishipa ya mnyama. Mshale wake ulikuwa na manyoya nyuma na chembe ya chuma mbele. Hata hivyo, siri ya kumwangusha ndovu ilikuwa sumu. Magome na vipande vya mti uitwao kivai vilichemshwa kwa saa nyingi hadi ukabaki utomvu mweusi, mzito kama lami. Utomvu huo ulipakwa nyuma ya chembe, kisha ukafungwa kwa ukanda mwembamba wa ngozi ili usikauke na usimdhuru mwenyewe. Sumu ilipoingia katika damu ilisimamisha moyo wa mnyama.

Zama hizo hizo, mjini Istanbul nchini Uturuki, wapiga upinde walikuwa wakishindana katika uwanja wa Okmeydanı kuona ni nani atakayerusha mshale mbali zaidi. Pinde zao zilitengenezwa kwa mbao, pembe za mnyama na mishipa, na mshindi alisimamishiwa nguzo ya jiwe pale mshale wake ulipoanguka. Ukambani shindano lilikuwa la namna nyingine. Mwindaji alinyata akiukabili upepo hadi akawa hatua chache kutoka kwa ndovu, kwani mshale uliotoka mbali haukuweza kuipenya ngozi ile nene. Hakusimamishiwa jiwe. Alama yake iliyochorwa kwenye mshale ndiyo iliyothibitisha kwamba mnyama ni wake.

Kivoi aliishi wakati ambapo ustadi huo ulipata bei kubwa. Baada ya Sayyid Said kuifanya Zanzibar makao ya utawala wake, wafanyabiashara wa Bara Hindi, Uingereza na Marekani waligombea pembe za Afrika Mashariki. Zilichongwa bangili, vichana na vibonyezo vya piano. Tangu miaka ya 1830 hadi 1850, Wakamba ndio waliotawala biashara ya pembe kati ya bara na Mombasa. Misafara yao ilikata uwanda wa Yatta na kupita nyika ya Taru hadi pwani, ikarudi na nguo, shanga, chumvi na nyaya za shaba.

Wakamba hawakuwa na mfalme, wala cheo hakikurithiwa. Mtu alipata sauti kwa mali, kwa ufasaha wa ulimi na kwa imani ya watu kuwa ana uwezo wa kiganga. Kivoi alijaliwa hayo yote. Alikuwa na wake wengi, wafuasi wengi na pia watumwa, jambo ambalo wanaomsifu hupenda kulipita kimya. Aliongoza misafara mikubwa, na jina lake lilijulikana kutoka Kitui hadi Mombasa.

Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844 kwa niaba ya chama cha wamisionari cha Kanisa la Uingereza, alimfikia Kivoi mnamo Novemba 1849. Mwenyeji alimpokea vyema, akamweleza habari za mlima mkubwa ulio mbali, wenye weupe kileleni, ambao Wakamba waliuita Kiinyaa. Mnamo Desemba 3, 1849, mawingu yalipofunguka, Krapf aliuona mlima huo kwa macho yake. Alipotangaza habari hizo Ulaya, mwanajiografia William Desborough Cooley alikataa katakata kwamba theluji inaweza kukaa karibu na ikweta. Kwa hiyo neno la mfanyabiashara wa Kitui lilikuwa na ukweli kuliko vitabu vya London.

Krapf aliporudi mwaka 1851, wawili hao walifunga safari ya Tana. Mmoja alitaka kuuchunguza mto. Mwingine alikuwa na shughuli zake za biashara. Ndipo shambulio likatokea. Krapf alifyatua bunduki hewani mara mbili, kisha akatoroka peke yake, akawa anasafiri usiku na kuteka maji kwa mfuko wa darubini na mtutu wa bunduki. Alipofika kwa jamaa za Kivoi, walimlaumu kwa kifo cha ndugu yao. Kwao, mgeni aliyerudi hai bila mwenyeji wake alikuwa na deni. Akahofia maisha yake, akatoroka tena usiku kabla ya kufanikiwa kurejea pwani.

Kifo cha Kivoi hakikuimaliza biashara ya Wakamba, lakini kilitangulia kuporomoka kwake. Wafanyabiashara wa pwani, wenye mitaji na bunduki, walianza kuingia bara wenyewe, na pembe zikapita mikononi mwao. Serikali ya kikoloni ilipokuja ilitunga sheria za uwindaji zilizomtaka mwindaji awe na leseni. Mzungu mwenye bunduki na leseni akaitwa mwindaji. Mkamba mwenye upinde akaitwa jangili. Katikati ya miaka ya 1950, wapiga upinde wengi wa Kikamba na Kiwaata walikamatwa katika msako mkubwa uliofanywa Tsavo. Mwaka 1977 Kenya ilipiga marufuku uwindaji wote wa kibiashara na wa burudani, hatua iliyohitajika kwa sababu ndovu walikuwa wakiangamia, na wengi wao waliangushwa kwa bunduki.

Historia imemtendea Kivoi nusu ya haki. Jina la mlima alioutaja, ambalo Krapf aliliandika Kegnia, ndilo ambalo watafiti wengi hulihusisha na jina la nchi yetu. Naye Kivoi anatajwa vitabuni, lakini mara nyingi kama msindikizaji wa mgeni. Wenye haki ndogo zaidi ni wawindaji waliomtajirisha, watu waliomkaribia ndovu kwa miguu wakiwa na podo begani, ambao majina yao hayakuandikwa na yeyote. Wazee wa Kitui na Makueni ambao bado wanakumbuka majina ya mababu zao wapiga upinde wanafaa kuulizwa sasa, wangali hai.