Sheikh Mbaruk wa Gazi alivyohamia Dar es Salaam

Nikitoka asubuhi hapa Kinango nikatazama jua linakochomoza, naiona milima ya Shimba. Huko ndiko ilikokuwa Mwele, ngome ya Sheikh Mbaruk bin Rashid al-Mazrui. Wengi wetu twamjua kwa vita vyake. Leo napenda tumkumbuke kwa jambo jingine: jinsi alivyouacha mji wake uzeeni akaenda kuishi ugenini.

Uhamisho haukuwa mgeni kwao. Baba yake, Rashid bin Salim, ndiye Mmazrui wa mwisho kuitawala Mombasa. Mwaka 1837 Seyyid Said bin Sultan, wa ukoo wa Busaidi, alimkamata yeye na wenziwe, wakapelekwa ng'ambo wasirudi tena. Jamaa waliosalia wakagawanyika, wengine Takaungu, wengine Gazi.

Mbaruk akawa mkubwa wa Gazi, mwenye mashamba na watumwa, akiasi kila mara mamlaka ya Unguja. Aliposhindwa pwani, alipanda Mwele. Mwaka 1882 majeshi ya Seyyid Barghash yaliiteka ngome, lakini mwenyewe hayakumpata.

Mwaka 1895 Waingereza walijitia katika ugomvi wa urithi wa Takaungu, wakamweka waliyemtaka wao. Jamaa walionyimwa wakashika silaha, na mwishowe Mbaruk akasimama nao. Mwezi wa Agosti Admirali Rawson akaivunja Mwele. Vita havikuisha hata wakaletwa askari kutoka Bara Hindi. Aprili 1896 mzee akavuka mpaka na watu wake zaidi ya elfu moja, akajisalimisha kwa Wadachi.

Angekwenda wapi? Mombasa ilikuwa ya Waingereza, Unguja ya Busaidi. Dar es Salaam alikuta adhana ile ile, Kiswahili kile kile na bahari ile ile. Lakini mji huo ulianzishwa na Seyyid Majid, mwana wa yule yule Said aliyemhamisha baba yake.

Hazikupita hata miezi mitano. Tarehe 27 Agosti 1896 mizinga ya Rawson huyo huyo ilibomoa jumba la Unguja, na Seyyid Khalid bin Barghash akakimbilia kwa Wadachi. Naye akapelekwa Dar es Salaam. Hivyo mwana wa Barghash na adui mkubwa wa Barghash wakawa wageni wa mji mmoja.

Mbaruk alifariki huko mwaka 1910. Khalid alikamatwa na Waingereza mwaka 1916, akazungushwa visiwa vya mbali, na mwaka 1927 akafariki Mombasa. Mmazrui akafia katika mji wa Busaidi, Mbusaidi akafia katika mji wa Mazrui.

Kila nipitapo Gazi nikienda Msambweni, nafikiri habari hii. Madrasa tulifundishwa kuwa hakuna ajuaye atafia ardhi gani. Mtu aweza kuchagua pa kukimbilia. Pa kuzikwa hakuchagui. Mwenyezi Mungu awarehemu wote wawili. Amin.