Aster Ganno, mtumwa aliyekuja na lugha yake

Safari hii tunawaletea maisha ya mama ambaye wengi wetu hapa Bujumbura hatujapata kusikia jina lake, ingawa Biblia ya Waoromo wa Ethiopia ilipita mikononi mwake. Aliitwa Aster Ganno. Aster ndiyo Esta.

Alizaliwa yapata mwaka 1872, akiwa mtoto huru. Mfalme wa Limmu-Ennarya akamfanya mtumwa. Mwaka 1886 alikuwa baharini, katika Bahari ya Shamu, akipelekwa kuuzwa Arabuni, ndipo meli ya Waitalia ilipokikamata chombo chao na watumwa wakawekwa huru. Walipelekwa Imkullu, karibu na Massawa, katika nchi ya Eritrea ya leo, ambako wamisionari wa Sweden walikuwa na shule. Alikuwa huru, lakini kwao hakukanyaga tena kwa miaka 18.

Huko Imkullu alikuwapo Mworomo mwenzake, Onesimos Nesib. Jina hilo tunalifahamu kutoka waraka wa Paulo kwa Filemoni, na huyu naye alikuwa mtumwa: aliibwa akiwa mtoto mdogo, akauzwa mara nyingi, akakombolewa Massawa mwaka 1870, baadaye akasoma Sweden. Alikuwa na mzigo wa kuitafsiri Biblia kwa Kioromo, lakini maneno yalimpungukia. Aliondolewa kwao mapema mno. Ninyi wazazi wenye watoto waliozaliwa ukimbizini, jambo hili mnalielewa bila sisi kulieleza zaidi.

Aster yeye alikuja na lugha kamili kichwani. Alipokwisha kusoma shuleni, alipewa kazi ya kukusanya maneno kwa ajili ya kamusi, na yakafika 15,000 hivi. Kisha akaandika yale aliyoyakumbuka ya nyumbani: hadithi, methali, vitendawili, nyimbo, yapata 500 kwa jumla. Hebu tufikirie: msichana aliyenyang'anywa jamaa na nchi, na bado vitendawili vya jioni havikumtoka! Baadhi ya hayo yalichapishwa mwaka 1894 katika kitabu cha kujifunzia kusoma, alichokiandaa pamoja na Onesimos. Siku hizi wanaochunguza utamaduni wa Waoromo wa karne ile hawawezi kukipita kitabu hicho.

Agano Jipya lilitoka mwaka 1893, na Biblia nzima ikachapwa St. Chrischona, Uswisi, mwaka 1899. Sifa ilimwendea Onesimos. Sisi tunaona Aster alistahili kuitwa mtafsiri mwenzake, maana bila yeye mwenziwe angepata wapi maneno?

Mwaka 1904 waliweza kurudi Wallaga, kwa Waoromo, na kazi yao ikakaa Nekemte. Wakafundisha kusoma kwa Kioromo, jambo ambalo halikuwapendeza wote. Mwaka 1906 makasisi wa huko walimshtaki Onesimos, na Mfalme Menelik akamruhusu kubaki Nekemte lakini akamkataza kuhubiri. Ruhusa ya kuhubiri aliipata tena mwaka 1916, chini ya Lij Iyasu. Katika miaka ile ya kunyamazishwa, shule haikufungwa.

Onesimos alifariki mwaka 1931. Aster aliishi miaka 33 zaidi, hadi mwaka 1964.