Tshibumba: Mchoraji aliyeisimulia nchi yake kwa picha na Kiswahili

LUBUMBASHI ilimfahamu kama kijana aliyetembeza picha zake akitafuta wanunuzi. Leo jina la Tshibumba Kanda Matulu linatajwa katika makumbusho ya Ulaya, ilhali mwenyewe hajaonekana tangu mwaka 1981.

Alizaliwa mwaka 1947 katika mji huo, enzi za Wabelgiji ukiitwa Elisabethville. Hakuwa mchora katuni wa magazetini, lakini kazi yake kubwa ina undugu wa karibu na vitabu vya katuni: picha zinazofuatana, zenye maandishi ndani yake, zikisimulia kisa kimoja kirefu. Yeye alijihesabu kuwa mwanahistoria, na hapo ndipo ulipo uzito wake.

Mwishoni mwa mwaka 1973 alikutana na Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekuwa akifundisha chuo kikuu mjini humo. Katika miezi iliyofuata alimpelekea picha 101, akikaa mbele ya kinasa sauti kuzieleza. Alianza na mababu na ujio wa Wareno, akapitia utawala wa Ubelgiji na wafanyakazi wa migodini waliopigwa risasi mwaka 1941 walipogoma, hadi Lumumba, kujitenga kwa Katanga na utawala wa Mobutu. Uhuru ulipopatikana mwaka 1960 alikuwa na miaka 13. Tangu hapo, historia aliyoichora ni ile aliyokua nayo. Picha za mwisho ni ndoto zake juu ya siku zijazo.

Maelezo hayo aliyatoa kwa Kiswahili cha kwao. Mtu wa Kibiti au wa Delta ya Rufiji akikisikia itambidi atege sikio, maana kimechanganyika na Kifaransa, lakini kisa hakitampotea.

Inayokumbukwa zaidi ni picha ya kifo cha Lumumba, aliyeuawa Januari 17, 1961 pamoja na Mpolo na Okito, si mbali na mji huo. Tshibumba aliweka misalaba mitatu nyuma ya maiti, mithili ya Golgota, na damu ya Lumumba ikaandika ardhini neno la Kifaransa lenye maana ya umoja.

Kuyasema hayo katika Zaire ya chama kimoja kulihitaji moyo.

Fabian alizichapisha picha hizo pamoja na maelezo yake katika kitabu mwaka 1996, na zimehifadhiwa Amsterdam. Tshibumba hakukiona. Alipotoweka alikuwa na umri wa miaka 34 hivi.